Maswali na majibu: stoo, ankara na pesa za simu

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia kitu kimoja. Programu ya hesabu imenunuliwa, kompyuta ipo kaunta, na vitabu bado havikubaliani na stoo wala na droo ya pesa. Tumechagua sita.

Mwenye hardwea, Ndeeba: *Programu inasema nina mifuko 214 ya saruji. Mtu wa stoo amehesabu 197. Nani mwongo?*

Huenda hakuna mwongo. Programu haioni saruji, inaona karatasi. Mfuko ukitoka bila karatasi, kwake bado umo ndani.

Fungua kadi ya saruji kwenye programu usome mstari kwa mstari. Tuseme ulianza na 180, ikaingia 100, ikauzwa 66: hapo ndipo 214 inapotoka. Sasa chukua kitabu cha delivari, linganisha kila namba na ankara yake. Sehemu kubwa ya ugonjwa hukaa hapa. Mkandarasi anakuja alfajiri, lori linapakia mifuko 10 kwa delivari tu, ankara “itaandikwa jioni”, na jioni keshia ameshapanda boda kwenda nyumbani. Stoo imepungua, programu haijui. Baya zaidi, mkandarasi huyo hayumo kwenye orodha ya wadaiwa, kwa hiyo hakuna atakayemkumbusha deni. Ukipata hiyo 10, kisha ukute minne iliyopasuka ikiwa imesukumwa kona bila kuandikiwa, inabaki mitatu. Hiyo mitatu ndiyo ya kuuliza nani ana ufunguo. Kabla ya hapo ulikuwa unamshuku mtu kwa mifuko 17.

Kabla ya kuhesabu, simamisha upakiaji na uandike namba ya mwisho ya ankara, ya delivari na ya hati ya mapokezi. Ukihesabu huku lori linapakia, kila hesabu itakuja na jibu lake.

Angalia pia vipimo. Misumari inanunuliwa kwa katoni na kuuzwa kwa kilo. Waya wa umeme unanunuliwa kwa roli na kuuzwa kwa mita. Nondo ya mita 12 inakatwa nusu. Weka kipimo kidogo kiwe ndicho cha msingi, halafu uiambie programu kwamba katoni moja ni kilo 25, kama katoni yako ni ya 25. Bila hivyo, kilo moja ikiuzwa programu inaondoa katoni nzima.

Na uzime ruhusa ya kuuza chini ya sifuri. Kaunta watapiga kelele: mabati yameshushwa, mteja amesimama, programu inakataa kwa sababu mapokezi hayajaingizwa. Waache wapige. Programu inayouza mali ambayo haijapokelewa haijui mali hiyo iligharimu kiasi gani, na faida inayokuonyesha mwisho wa mwezi ni ya kubahatisha.

Mitatu iliyopotea usiifute kwa kubadilisha idadi kimyakimya. Andika hati ya marekebisho yenye sababu na sahihi: gharama ya upotevu inaongezeka, thamani ya mali stoo inapungua. Kuanzia hapo usingoje Desemba. Hesabu aina kumi kila asubuhi kabla ya kufungua, na saruji, nondo na mabati yasipite wiki bila kuguswa.

Meneja wa bekari, Jinja: *Tumegundua ankara moja ya unga tuliilipa mara mbili. Programu haikutuzuia. Kwa nini?*

Kwa sababu programu ilidhani ni ankara mbili. Mara ya kwanza iliingizwa kutoka kwenye picha ya WhatsApp kama 457. Wiki mbili baadaye karatasi yenyewe ikaletwa na kuingizwa kama 0457. Kwa kompyuta hizo ni namba mbili tofauti. Muuzaji akiwa ndani ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), acha namba yake ya kitabuni na uingize ile namba ya hati ya kodi iliyochapishwa kwenye ankara, ile FDN. Hairudiwi. Kisha washa kizuizi cha muuzaji yuleyule na namba ileile.

Kizuizi hicho peke yake hakitoshi. Malipo yasitoke mpaka karatasi tatu zikubaliane: LPO (hati ya kuagiza mali) mliyoagizia, hati ya mapokezi iliyotiwa sahihi na mtu wa stoo, na ankara. Mmeagiza magunia 60 ya kilo 50, yamepokelewa 58, ankara inadai 60: lipeni 58, na mwombeni muuzaji krediti noti, yaani hati ya kupunguza deni, ya magunia mawili. Mtu wa stoo asione idadi ya LPO kabla hajahesabu. Akiiona, ataandika 60 bila kushuka kwenye lori.

Kila mwisho wa mwezi ombeni taarifa ya hesabu kutoka kwa muuzaji, mweke tiki mstari kwa mstari. Malipo ya mara mbili huonekana hapo kama salio mnalomdai yeye. Wauzaji wachache sana watawapigia simu kuwaambia.

Mfanyabiashara, Bombo: *Risiti nizitunze miaka mingapi?*

Mitano, ikianza kuhesabiwa mwisho wa kipindi cha kodi kinachohusika. Risiti za mashine hufifia kabla ya hapo, hasa zikikaa kwenye gari juani. Zipige picha wiki hiyohiyo, na faili ya picha uipe namba ya malipo.

Muuza jumla, Busia: *Tunaingiza mauzo kwenye programu yetu, kisha tena kwenye EFRIS. Mwisho wa mwezi VAT (kodi ya ongezeko la thamani) haifanani. Tufuate ipi?*

URA wanasoma ya EFRIS, kwa hiyo anzieni huko. Dawa ya kudumu ni kuunganisha mifumo miwili, ili ankara iandikwe mara moja na irudi na FDN yake. Ikiwa mauzo yenu ni machache na gharama ya kuunganisha ni nzito, basi linganisheni kila jioni: jumla ya EFRIS, jumla ya programu, tofauti, sababu. Tofauti ya siku moja inatafutika. Ya siku 30 mtaitafuta tarehe 14 usiku, na ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwezi, inatakiwa kufikia tarehe 15.

Makosa tunayoyaona zaidi ni matatu. La kwanza ni hesabu. Bei ikiwa na kodi ndani, kodi ni 18 kwa 118 ya bei hiyo. Mzigo wa shilingi 590,000 una VAT ya 90,000 na mauzo ya 500,000. Anayepiga asilimia 18 ya 590,000 anapata 106,200, na 16,200 ametoa mfukoni mwake.

La pili ni kufuta. Mteja amerudisha katoni tano, keshia anafuta mauzo kwenye programu, lakini kwenye EFRIS ankara inabaki nzima. Ombeni krediti noti inayotaja ankara ya awali, na kwenye programu rudisheni kwa hati hiyohiyo, si kwa kufuta.

La tatu linawahusu zaidi ninyi wa mpakani. Mauzo ya nje yanatozwa asilimia 0. Mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Kwenye ankara zote mbili kodi inasoma sifuri, kwa hiyo wengi huzitupa kwenye msimbo mmoja. Lakini kwa ya asilimia 0 unarudishiwa VAT uliyolipa kwenye manunuzi, kwa ya kusamehewa hurudishiwi. Wekeni misimbo miwili. Na hiyo ya nje iwe na hati za forodha zinazoonyesha mzigo umevuka kweli. Mteja kuwa Mkenya hakutoshi.

Mwenye duka la dawa, Arua: *Wateja wengi wanalipa kwa simu. Kila jioni pesa za simu zinapungua, wahudumu wanaapa hawajala.*

Wanaweza kuwa wanasema kweli. Angalia kwanza droo. Ikiwa programu inasema MoMo (pesa za simu za MTN) imepokea 1,240,000 na taarifa ya laini inasema 1,215,000, nenda kahesabu noti. Ukikuta droo imezidi 25,000, hakuna aliyekula: mteja alilipa taslimu, mhudumu akabonyeza “simu”. Droo ikiwa sawasawa, hapo ndipo kuna neno.

Kwenye leja (kitabu cha akaunti), MTN iwe na akaunti yake, Airtel yake, taslimu yake. Ukizichanganya zote kwenye “Pesa” hutaona kinachokosekana wapi. Kila mauzo ya simu yaingizwe na namba ya muamala. Na pesa zipokewe kwenye laini ya duka, si ya mhudumu. SMS kwenye simu ya mteja si ushahidi, kwa sababu inaandikika. Ushahidi ni pesa kuonekana kwenye simu ya duka. Makato ya kutoa pesa yaandikwe kama gharama siku yanapotokea, la sivyo akaunti ya simu itapungua pole pole na lawama itaenda kwa mtu.

Karani wa shule binafsi, Mbale: *Nina wafanyakazi wanne tu. Je, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inatuhusu, na naiandikaje?*

Inawahusu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, idadi ya wafanyakazi si kinga tena. Mshahara wa 600,000 unakatwa 30,000 ya mfanyakazi, shule inaongeza 60,000, na 90,000 inapelekwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Wengi huandika tu pesa iliyotoka benki kwenda kwa mwalimu. Gharama ya mwalimu huyo kwa shule ni 660,000. Andika hiyo kwanza, kisha gawa: ya kumlipa yeye, ya NSSF, ya PAYE (kodi ya mshahara). Ukiandika neti (mshahara baada ya makato) peke yake, madeni yako kwa NSSF na URA hayamo vitabuni, na bajeti ya muhula ujao itakuwa fupi.

Umeuliza pia kama ninyi wawili ofisini mnaweza kutumia neno la siri moja. Hapana. Programu huandika nani alifanya nini saa ngapi, na kwa neno moja wote ni mtu mmoja. Na kwa kuwa mpo wawili, anayepokea ada asiwe anayeidhinisha malipo. Mkuu wa shule aidhinishe, na kila Ijumaa achapishiwe ukurasa mmoja: risiti zote zilizofutwa wiki hiyo.