Manusura, wenyeji na jina la "Wahindi Wekundu"

SWALI: Ninafasiri makala ya historia kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Sentensi yangu moja inasema: "Wavumbuzi wa Kihispania, waathirika wa kuvunjika kwa meli mwaka 1528, waliishi miaka mingi miongoni mwa Wahindi Wekundu." Mwenzangu anataka niandike "manusura" badala ya "waathirika". Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na hilo halihitaji maneno mengi. Mwathirika ni yeyote aliyepatwa na athari za jambo, yu hai au amekufa. Mama aliyefiwa na mwanawe baharini ni mwathirika hata kama hajawahi kukanyaga chombo. Manusura ni yule aliyetoka hai. Neno hili tumelipata katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kusaidia, ambalo ndilo la kitenzi chetu "nusuru". Kwa asili yake, basi, manusura ni mtu aliyenusuriwa: upo mkono uliomsaidia.

Hapo ndipo ugomvi wangu na sentensi yako unapoanzia, kwa kuwa mkono huo umeuita "Wahindi Wekundu".

Jina hili nimelifuta katika miswada kwa miaka mingi, na kila nikilifuta huota tena kama ndago shambani. Columbus alipotia nanga katika visiwa vya Karibi mwaka 1492 aliamini kwamba amefika pembezoni mwa Hindi, na watu aliowakuta akawapa jina la nchi ambayo hakuifikia. Wazungu wa zama zake kulishika jina hilo naweza kuelewa, maana Hindi kwao ilikuwa habari ya mbali. Sisi hatuna udhuru. Vyombo vilikuwa vikivuka baina ya mwambao wetu na Gujarat kwa kusi na kaskazi karne nyingi kabla ya Columbus kuzaliwa, na Vasco da Gama alipoitafuta njia ya Hindi ilimbidi apewe rubani Malindi, ndipo akafika Calicut mwezi Mei 1498. Lugha ambayo wasemaji wake walijua fika Hindi iko wapi inawezaje kumwita Mhindi mtu wa pwani ya Texas? Mhindi kwetu ni mtu wa Hindi au mwenye asili ya huko, jirani yetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Kuongeza "wekundu" hakurekebishi kosa hata kidogo. Ni kukiri kwamba jina limeshindwa kazi, kisha kuliziba pengo kwa rangi ya ngozi, kama mchungaji anayetenganisha ng'ombe zizini.

Sasa tazama ni akina nani uliowaita hivyo. Msafara wa Mhispania Pánfilo de Narváez ulitua Florida mwezi Aprili 1528. Watu wapatao 300 walioingia bara walipoteana na meli zao, njaa ikawabana, wakaunda mashua tano kwa mikono yao: vyuma vya matandiko ya farasi wakavifua misumari, mashati wakayashona matanga, singa za farasi wakazisokota kamba, na farasi wenyewe wakawala. (Kwa hiyo hata "meli" katika sentensi yako haifai, vilivyovunjika ni mashua.) Mwezi Novemba mawimbi yakaitupa mashua ya Álvar Núñez Cabeza de Vaca, mweka hazina wa msafara, katika kisiwa ambacho Wahispania walikiita Malhado, yaani Nuksi, kilichokuwa Galveston, katika pwani ya Texas, au jirani yake.

Kisiwani palikuwa na makundi mawili ya wenyeji: Wacapoque, ambao wanahistoria wengi huwahesabu katika kabila la Wakarankawa, na Wahan. Waliwaletea wageni samaki na mizizi. Wahispania walipojaribu kuirudisha mashua majini wimbi likaipindua, watatu wakafa maji, na waliosalia wakabaki uchi katika baridi. Jioni wenyeji wakaja na chakula kama kawaida, wakaiona hali ile, wakaketi chini kando ya wageni na kulia pamoja nao kwa zaidi ya nusu saa, kilio kilichosikika mbali. Cabeza de Vaca ameyaandika haya mwenyewe katika kitabu kilichochapwa Zamora mwaka 1542. Kisha wakawachukua kwenda majumbani mwao, na kwa kuhofia wasife njiani kwa baridi wakawasha mioto mikubwa minne au mitano, mmoja mbali na mwingine. Kila walipofika penye moto waliwaacha wapate joto na nguvu kidogo, wakawanyanyua tena, wakawakimbiza hadi moto wa pili kwa kasi ambayo miguu ya wageni ilikuwa karibu haigusi ardhi.

Watu wanaomwashia mgeni moto njiani wana haki ya kutajwa kwa jina lao, na majina yapo. Cabeza de Vaca aliyaorodhesha, pamoja na kueleza kwamba lugha zao zilitofautiana. Sikwambii kwamba maisha yao pamoja yalikuwa ya peponi. Baadaye palepale kisiwani alichimbishwa mizizi majini hadi vidole vikamtoka damu, akatorokea bara kwa Wacharruco, na huko akageuka mchuuzi: alipeleka bara makombe ya baharini, akarudi na ngozi, udongo mwekundu na mawe ya gumegume. Ukiwaita wote "Wahindi Wekundu", mwanafunzi wako atajuaje kwamba mtu huyu alihama, na kwamba alitoka kwa nani akaenda kwa nani?

Utanijibu kwamba sisi hao hao tunaita "mahindi" nafaka iliyotoka Amerika. Ni kweli, na hilo nimelisamehe zamani. Mhindi wa shambani haukuwa na jina uliojipa wenyewe, na hakuna anayeonewa tunapousonga ugali wake. Binadamu si punje.

Kuhusu "wavumbuzi wa Kihispania" nitasema machache. Mtu aliyepelekwa uchi kutoka moto hadi moto hakuvumbua kitu, aliokotwa. Na katika manusura wanne wa msafara huo waliofika mji wa Mexico mwaka 1536, mmoja hakuwa Mhispania. Pamoja na Cabeza de Vaca, Andrés Dorantes na Alonso del Castillo alikuwapo Estebanico, Mwafrika wa Azemmour nchini Moroko, mtumwa wa Dorantes, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumza na wenyeji na kuulizia njia. Kumfunika chini ya neno "Kihispania" ni kumnyima hata kule alikotoka.

Unapolijua jina la watu, liandike. Usipolijua, andika "wenyeji wa Amerika", na ulishike neno hilo kwa furaha, kwani Kiswahili kimekupa zaidi ya ulichoomba: mwenyeji ni mzawa wa mahali, na ndiye huyo huyo ampokeaye mgeni. Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone" walikuwa na neno hili hili mdomoni, ingawa huko Malhado aliyepona ni mgeni. Sentensi yako basi naiandika hivi: "Manusura wa mashua zilizovunjika mwaka 1528, Wahispania watatu na Mwafrika mmoja, waliishi takriban miaka minane miongoni mwa Wacapoque, Wamariame, Waavavare na wenyeji wengine wa Amerika."