Ukienda Pebble Hill, Uliza Jiko Lilikuwa Wapi

Wageni kutoka nyumbani wakifika Atlanta huwa na maombi yale yale: kaburi la Martin Luther King, kisha maduka ya nguo. Yakiisha hayo nawapakia garini tunaelekea Auburn, Alabama, kuona nyumba ya zamani iitwayo Pebble Hill. Wengi hawajawahi kuisikia. Wengine hukunja uso wakiambiwa ilikuwa ya bwana wa watumwa. Mimi husema twende tu, ila kuna namna ya kwenda.

Nyumba ilijengwa mwaka 1847, miaka 14 kabla ya Marekani kuingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa ajili ya Nathaniel Scott, mwenye mashamba, na mkewe Mary. Katika karne ya 20 ikawa ya daktari Yarbrough, aliyewahi kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1985 iliingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Auburn, na leo ni makao ya kituo cha chuo cha sanaa na taaluma za utamaduni, kinachobeba jina la Caroline Marshall Draughon. Mashamba yalishamezwa na mji zamani.

Usitegemee jumba la kwenye sinema. Haina ghorofa; imeinuliwa tu juu ya msingi, ina baraza la nguzo mbele, korido pana katikati na vyumba pande mbili. Mtu wa Mombasa haelezwi korido ile ni ya nini: fungua mlango wa mbele na wa nyuma, upepo upite.

Jambo la kwanza ni kuangalia kalenda ya kituo. Pale hakuna mkata tiketi mlangoni; ni ofisi za watu wenye kazi zao, kwa hiyo ulizia kabla hamjaondoka. Bora zaidi mwende siku yenye mhadhara, au mwandishi anayezungumzia kitabu chake, maana nyumba hiyo ikiwa na watu wanaobishana ndani inapendeza kuliko ikiwa kimya. Epuka kabisa Jumamosi ya mechi ya nyumbani ya futiboli ya Kimarekani ya chuo, msimu wa vuli: uwanja wa Jordan-Hare unachukua zaidi ya watu 80,000, na maegesho utayasikia tu. Na mkivuka mpaka wa Georgia saa zinarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo msishangae mkifika mapema.

Lakini maandalizi yenyewe hasa yanafanyika nyumbani, usiku wa kabla ya safari. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na daftari la pembeni la watumwa. Linaandikwa jina la mmiliki, chini yake safu za umri, jinsia na rangi. Majina yao hakuna. Unapitisha kidole, unakutana na mtoto wa mwaka mmoja amehesabiwa kama mali. Mwaka 1860 Alabama ilikuwa na watu 964,201, na 435,080 kati yao walikuwa watumwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina. Kurasa hizi zinasomeka bure kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, ukijisajili, ila usitafute chini ya wilaya ya Lee, iliko Auburn sasa. Wilaya hiyo iliundwa 1866. Kabla ya hapo mji ulikuwa katika wilaya ya Macon. Wengi wanakata tamaa hapo bure.

Ukishasoma kurasa hizo, maswali yatakuja yenyewe. Mimi huanza na jiko. Nyumba nyingi za kipindi kile ziliweka jiko mbali na nyumba kubwa, kwa kuogopa moto na joto, na mara nyingi ndilo lililobomolewa kwanza. Kwa hiyo uliza, kwa upole, jiko lilikuwa upande gani. Waliopika walilala wapi? Baada ya 1865, utumwa ulipokomeshwa, walielekea wapi? Uliza na habari za Wamuscogee, wenyeji wa asili wenye ardhi ile, waliobanwa kwa mkataba wa 1832 na kufukuzwa magharibi mwaka 1836, mwaka ule ule mji wa Auburn ulipoanzishwa. Hakuna atakayekununia. Maswali ya namna hiyo ndiyo kazi ya kituo.

Kuna mgeni huwa hakosekani, wa kusema hayo ni ya Wamarekani wenyewe, sisi yanatuhusu nini. Huyo namwambia akirudi awaulize wazee wa pwani habari za merikani. Nguo ile iliyoletwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, tangu zama za Seyyid Said, ilifumwa katika viwanda vya kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Wapagazi waliibeba mpaka Tabora na Ujiji, ikalipia pembe za ndovu, ikalipia na watu. Vita vilipozuka 1861 merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikashika soko.

Picha pigeni. Ila kuna nyumba za aina hii huko kusini zinazokodishwa kwa harusi, bibi harusi anaegemea nguzo na muziki unapigwa hadi usiku. Mimi huko sialikiki.

Msirudi Atlanta moja kwa moja. Endesheni mpaka Tuskegee, karibu nusu saa tu, mkaone The Oaks, nyumba ya Booker T. Washington, mwalimu Mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, aliyezaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856. Ilijengwa 1899, na waliojenga wanajulikana: ni wanafunzi wa chuo chake, kwa matofali waliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe. Ndani mnaingia na mhifadhi kwa ratiba, kwa hiyo ulizieni saa za ziara mkiwa bado Auburn, na chakula mle huko huko kabla ya kuondoka.