Huhitaji kumjua msomaji ili uuze tangazo

Nina tovuti ya habari za korosho. Matangazo yanalipa kidogo, na wakala ananishauri niweke vifuatiliaji, vile vijiprogramu vinavyorekodi msomaji anafanya nini mtandaoni, ili bei ipande. Nifanyeje? (Newala)

Usiweke. Ni kweli tangazo linalomlenga mtu huuzwa ghali zaidi, lakini madalali wa matangazo hukata chao kwanza, na wasifu wa msomaji hubaki kwao. Kesho watamfuata msomaji huyohuyo kwenye tovuti ya bei chee, na wewe hawatakuhitaji tena. Hiyo ni kangomba: unatoa mali yako mapema kwa bei ya kutupa.

Anayesoma habari za ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, mwezi wa Juni anatafuta salfa ya kuutibu. Jina lake la nini? Alichotafuta jana kinakuhusu nini? Nenda Masasi, nenda Tandahimba, ongea na wenye maduka ya pembejeo. Wauzie nafasi kwa mwezi kwenye habari hiyohiyo: picha, bei na namba ya duka, bila kifuatiliaji cha mtu yeyote.

Nikifungua dirisha la faragha (incognito), si ndiyo sionekani? (Lindi mjini)

Unaonekana. Nimelijibu hili mara nyingi: linafuta historia ya dirisha hilo kwenye simu yako tu.

Wakulima walinipa namba ili niwatumie bei za mnada. Duka la dawa za mikorosho linataka kuzinunua namba hizo. Niuze? (Nachingwea)

Usithubutu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa. Hao walitaka bei. Na kama hujajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, anzia hapo.

Njia ipo. Waombe ridhaa, kisha tangazo la duka likae chini ya ujumbe wako wa bei. Mwenye duka akulipe wewe, namba asizione. Asiyeridhia aendelee kupata bei kama kawaida. Nakusihi pia ufute kilo za korosho za kila mtu kama uliziandika. Orodha ya namba na kilo ikimfikia tapeli wakati malipo yanaingia benki, kuna mzee ataamka hana kitu.

Nilizungumzia bati, jioni nikaona matangazo ya bati. Simu inanisikiliza? (Mikindani)

Ulichotafuta, ulipopita na programu ulizoziruhusu vinatosha kukueleza. Kwenye Android ingia mipangilio ya Google, sehemu ya matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo, yaani alama ambayo watangazaji huitambulia simu yako. Kisha iondolee ruhusa ya mahali kila programu isiyokuwa na kazi nayo. Tochi haihitaji kujua kama uko Mikindani au Kilwa.