Panya anayenusa uongo: kumpa mnyama uwezo wa ajabu hadithini

Kwa msomaji aliyeuliza kuhusu sungura wa hadithi yake ya watoto, anayepaa, kusoma mawazo na kutema moto: mnyang'anye vyote vitatu. Mtoto wa miaka sita atauliza, "Sasa mbona anamkimbia fisi?" na hutakuwa na la kumjibu.

Anzia kwenye mwili wa mnyama mwenyewe. Chukua panya buku. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Kwanza panya huzoea kwamba kidude cha kubofya mkononi mwa mkufunzi kikilia ta!, ndizi inakuja. Kisha hakilii mpaka anuse kilipuzi. Akikipata, hukwaruza udongo. Ana kilo moja na kitu, hivyo hata akikanyaga, bomu halilipuki. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Sasa ongeza chumvi, lakini chembe moja tu: wako ananusa uongo. Basi. Usimwongezee mabawa.

Kinachofuata ndicho wengi hukiruka, nacho ndicho hadithi yenyewe: uwezo huo unakwama wapi? Panya hawa hufanya kazi alfajiri, maana jua huwaunguza masikio na mkia. Kwa hiyo pua ya wako ife ganzi jua likiwa utosini, na mwizi wa kuku asubiri saa sita mchana ndipo aape kwamba hajaiba. Halafu kuna ile ndizi. Panya akizawadiwa pasipo na kitu, hujifunza kukwaruza popote. Mwenye mkungu mzima anaweza kumharibu shahidi huyu kwa wiki moja, na hapo umepata sura ya pili bila jasho.

Mjusi kafiri naye hukata mkia akajiokoa, ila kuota tena huchukua wiki kadhaa. Akiutumia ukurasa wa nne, ukurasa wa kumi hana kitu.

Kurasa za kitabu cha kubana pini zigawanyike kwa nne, kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne. Kwa kurasa 24, uwezo uonekane kufikia ya tano, ukwame kufikia ya kumi na sita. Maneno arobaini kwa ukurasa yanatosha, na usiandike "uongo ulinuka vibaya sana" wakati Kiswahili kimekupa "ulinuka fe!"