Jumba la Mtwana jioni: panga kwa mwezi, usipange kwa wikendi

Kila likizo ikikaribia kuna mtu wa ukoo au rafiki wa kunipigia simu. Wageni wanakuja, wamechoka na hoteli na maduka makubwa, wanataka jioni moja ya utulivu nje ya Mombasa, mahali penye historia, wao kwa wao. Huwa nawaelekeza Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa kale wa Waswahili kando ya bahari. Kisha nauliza swali linalowashangaza: wageni wenu watakuwepo tarehe ngapi za mwezi wa Kiislamu?

Nisikilize. Wengi huanza na Jumamosi kwa sababu ndiyo siku yao ya nafasi, halafu wakafika pale na picha kichwani ya jua likizama baharini. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yako, upande wa barabara ya Malindi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza halikawii: jua likishatua, nusu saa haipiti kabla hujaanza kutafuta tochi. Kinachotoka baharini jioni ni mwezi, na mwezi huo una siku zake. Usiku wa mwezi mpevu unachomoza kwenye upeo wa bahari karibu na wakati ule ule jua linapotua. Siku moja kabla, jua likitua mwezi tayari uko juu, umeng'aa. Siku moja baada, utachelewa kama dakika hamsini, nanyi mtakuwa mmekaa gizani mkiulizana mlikuja kufanya nini. Kwa hiyo chagua kati ya tarehe 13 na 14 za mwezi wa Kiislamu, na ukilazimika kukosea, kosea upande wa mapema.

Angalia pia mwezi wa kalenda ya kawaida. Novemba jua la Mombasa linatua kama saa 12:10 jioni, lakini katikati ya Februari linafika hadi saa 12:40. Hiyo nusu saa ni kubwa kuliko unavyodhani unapokuwa na wazee wanaotembea polepole. Mimi hupenda Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mbingu ikiwa safi. Aprili na Mei usijaribu. Mvua za masika hazina adabu, na njia ya kuingilia hugeuka tope.

Mwezi ukishauchagua, maji ya bahari yanajichagua yenyewe. Mwezi mpevu ni bamvua, siku za maji makubwa, na bamvua ya Mombasa ina tabia yake: maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni, halafu huanza kutoka, na hupwa kabisa kama saa nne au tano usiku. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maana yake ni kwamba ukifika saa kumi utayakuta karibu na magofu, mawimbi yakipiga chini kidogo tu ya msikiti, na kadiri jioni inavyokwenda ufuo unazidi kupanuka mbele yenu. Unaweza kutandika mkeka bila wasiwasi. Wale wanaokwenda mwezi ukiwa nusu duara, wakati wa maji mafu, hukuta kinyume chake: wanafika bahari iko mbali, mwani umetapakaa, halafu maji yanawafuata polepole mpaka kwenye sahani. Kama huna jedwali la maji, muulize mvuvi yeyote wa Mtwapa. Atakujibu huku akishona wavu.

Sasa, kuhusu mahali penyewe. Ukitoka Mombasa unavuka daraja la Nyali, unapita Bamburi na Shanzu, unavuka daraja la Mtwapa na kuingia Kaunti ya Kilifi, kisha mbele kidogo unakata kulia kuelekea baharini. Magofu ni ya mji wa Waswahili uliojengwa karne ya 14 na kuhamwa karne ya 15. James Kirkman, yule aliyechimba Gede na Fort Jesus, ndiye aliyeufukua mwaka 1972. Kuna misikiti minne, nyumba za mawe ya matumbawe, makaburi, visima, na mibuyu ambayo peke yake inatosha kumnyamazisha mtoto mtundu. Jambo ambalo wageni wangu hulipenda kuliko yote ni sababu ya mji kuwa pale. Hapana bandari. Vyombo vikubwa vililazimika kutia nanga mbali au kuingia hori la Mtwapa, ule mkono wa bahari unaoingia bara, na inadhaniwa watu wa Jumba walipataka mahali hapo kwa sababu hiyo hiyo, adui wa baharini asiwafikie kwa urahisi. Walikuwa na maji matamu ya visima na upepo wa kaskazi na wa kusi. Ukikaa pale saa kumi na moja jioni ukapigwa na ule upepo, huhitaji maelezo zaidi.

Upepo huo huo, lakini, utazima mishumaa yako yote. Nimeona vijana wakibeba mishumaa ya kunukia na glasi zake, wakaishia kuwasha tochi za simu. Beba kandili zenye vioo, au taa ndogo za betri. Na mishumaa hata usiilete karibu na kuta: nta inayoganda kwenye chokaa ya miaka mia sita haitoki.

Kibali ndicho kinachowashinda wengi, na si kigumu ukianza mapema. Magofu hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwezi unachomoza wakati huo huo geti linafungwa, kwa hiyo bila ruhusa ya kubaki huna safari. Mimi hupeleka barua Fort Jesus, kwenye ofisi za Makumbusho ya Taifa, wiki tatu au nne kabla. Barua iwe fupi na iseme kila kitu: tarehe, mtafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, mko wangapi, mtakula nini, kama kuna muziki au jenereta, na nani anayebeba jukumu. Anayesoma barua anaogopa vitu viwili, sherehe ya kelele na mtu kuvunjika mguu gizani. Ukimwonyesha kwamba hayo umeyafikiria, umefika nusu ya njia. Pitia pia Jumba lenyewe siku moja ya mchana, usalimie, ujulikane sura. Barua hupokewa na ofisi lakini geti linafunguliwa na mtu, na mtu huyo atalazimika kubaki kazini akikusubiri. Mkubaliane mapema malipo ya saa zake za ziada na ya kiongozi wa kuwatembeza. Kuanza kuhesabiana shilingi getini saa tatu usiku mbele ya wageni ni aibu.

Viingilio siku hizi hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo lipa nyumbani kwenye mtandao mzuri. Bei ya raia si bei ya mgeni wa nje, na hapo ndipo binamu zetu wa Muscat hununa. Wanasema Kiswahili kizuri kutushinda, babu zao wamezikwa hapa, lakini pasipoti ni ya Oman na watalipa kama wageni. Waambie kabla ya safari, na wabebe pasipoti.

Idadi nayo: msizidi kumi. Ninasema hivi nikijua ukoo wetu ulivyo, kwamba ukimwalika shangazi mmoja umewaalika watatu. Lakini watu kumi wanaenea kwenye gari moja, wanamsikia kiongozi bila kipaza sauti, na ukiwahesabu gizani hupotezi mtu. Wakifika ishirini hiyo ni harusi, na harusi ina mipango yake.

Fika saa kumi. Saa mbili za mwanzo ni za kutembea magofuni mkingali mnaona. Visima viko wazi, mizizi ya mibuyu imejitokeza juu, na ngazi za mawe hazilingani. Baada ya jua kutua hakuna anayezunguka nyumba kwa nyumba, hata awe amebeba tochi ya askari. Mwambie kiongozi awapitishe kwenye Nyumba ya Milango Mingi, ambayo inadhaniwa ilikuwa ya kupangisha vyumba kwa wasafiri, halafu amalizie Msikiti wa Baharini. Pale msikitini muulize kuhusu birika na yale mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu kabla ya kuingia. Watoto huyakumbuka hayo kuliko tarehe zote. Karibu yake kuna kaburi lenye aya ya Qur'ani, Surat Aal Imran, "Kila nafsi itaonja mauti." Hapo wenyewe mtanyamaza.

Na kwa sababu hapo ni msikiti na makaburi, jamvi halitandikwi ndani wala chakula hakiliwi juu ya kuta. Wapo wanaodhani gofu ni mandhari tu ya picha. Nimewahi kumwona bibi harusi amekalishwa juu ya kaburi, mpiga picha akimwambia ainue kidevu. Kama kundi lako lina mtu wa namna hiyo, zungumza naye garini kabla hamjafika. Kuketi kwenu ni chini, upande wa ufuo.

Chakula kiwe cha mkono mmoja. Pilau ni tamu lakini ikipoa mafuta yanaganda, na gizani hujui kama unatafuna mdalasini au mfupa. Sisi hubeba sambusa, katlesi, mishkaki iliyochomwa nyumbani na kufungwa kwenye karatasi ya fedha, mahamri, kaimati kidogo, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Madafu mnanunua Mtwapa njiani. Kuna jambo moja usilisahau: mwezi 13, 14 na 15 ndizo siku nyeupe, na katika kila familia ya hapa kuna anayezifunga kama sunna. Uliza mapema. Kama yupo, beba tende na maji, uiweke safari nzima kwenye saa ya adhana ya magharibi. Jioni nzuri kuliko zote nilizowahi kupanga pale ilikuwa ya aina hiyo: mama mmoja wa makamo anafuturu kwa tende tatu akitazama baharini, na mwezi mwekundu kama sinia ya shaba unapanda. Wengine hatukuwa tumefunga, lakini hakuna aliyegusa sambusa kabla yake.

Maji yaje kwenye chupa za chuma au madumu madogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na fukwe. Beba gunia la taka na uondoke nalo. Beba pia dawa ya mbu na nguo za mikono mirefu, maana mbu wa magharibi hawabagui mgeni na mwenyeji. Spika iache nyumbani. Kama una mtu anayejua kupiga udi au kughani mashairi, mwalike huyo.

Kuna watakaouliza kwa nini nisipendekeze Gede, hasa baada ya UNESCO kuiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Gede ni kubwa zaidi na inastahili siku nzima. Lakini iko msituni. Mbalamwezi haifiki chini, bahari huioni, na kutoka Mombasa ni safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi. Iende asubuhi.

Kurudi ndiko kunakohitaji akili zaidi, na ndiko wengi hawakupangi. Barabara ya Mombasa kwenda Mtwapa imekuwa ikipanuliwa kwa miaka, na foleni ya Mtwapa, hasa Ijumaa jioni, inaweza kukula saa nzima. Kwa sababu mwezi haujali wikendi, mara nyingi siku yako itaangukia Jumatatu au Jumatano. Hiyo ni faida. Kwenda, toka mjini saa nane na nusu. Kurudi, usitegemee kupata bodaboda au tuktuk pale getini usiku, kwa sababu kutoka barabara kuu hadi magofuni ni kipande kirefu chenye giza. Kodi gari litakalowasubiri, na dereva mpe sahani yake ya chakula kama wengine. Dereva mwenye njaa ataanza kupiga honi saa mbili. Mimi hufunga jamvi saa mbili na nusu, mwezi ukiwa umeshapanda vya kutosha kutuonyesha njia ya kurudi getini. Anayejua magofu atangulie, na mwenye tochi afuate nyuma ya wazee, akimulika miguuni mwao na si usoni.

Na kibali kikikosekana? Nenda tu ndani ya saa za kawaida, ikiwezekana Novemba, jua linapotua karibu na saa ya kufunga. Fikeni saa tisa, mtembee, mkae chini ya mibuyu maji yakiwa yamejaa, mtoke saa kumi na mbili bila kusukumwa. Kisha teremkeni mpaka Mtwapa, mtafute mahali pa kula kando ya hori. Mwezi mtauona hapo hapo, ingawa ukiwa umechelewa kidogo, kwa sababu lazima upande juu ya miti kwanza.