Jibu: Betri ya lithiamu haichaji asubuhi, Minnesota

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kibanda chako cha umeme wa sola kiko kaskazini mwa Minnesota, Marekani, jua la asubuhi linawaka vizuri ila betri ya lithiamu fosfeti haipokei chaji mpaka mchana. Anza kupima joto la betri yenyewe, sio la hewa, maana hizi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi na BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri) inakata chaji yenyewe, kwahiyo paneli zako nzima tu, betri inajilinda. Tafadhali usiiruke BMS kwa waya wa pembeni, utaua seli na uwezo ukipotea haurudi. Mi yangu nimeingiza ndani, kwenye boksi la foma lenye pedi ndogo ya kupasha, na chaji inaingia toka asubuhi.

Ila kinachonitisha zaidi ni hiyo siriz (paneli zilizofuatana, volti zinajumlishwa) ya paneli 3 za volti 45 kwenye kontrola, yaani kifaa kati ya paneli na betri, ambayo mwisho wake ni volti 150. Kwa hesabu ya kawaida ni 135, sawa, lakini baridi inapandisha volti, paneli nyingi karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi chini ya 25, so kwenye -30 unafika kama 157 na kontrola inaungua. Unga paneli mbilimbili kwenye siriz, au nunua kontrola kubwa, na uifanye hiyo kabla ya Januari.

Paneli ziinamishe pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, theluji iteleze. Jenereta baki nayo, Desemba mawingu yanakaa siku nyingi. Halafu tuambie, unapasha nyumba kwa kuni au umeme? Kama ni umeme, hizo paneli hazitatosha kabisa.