Umehamia Mombasa na umechoka chipsi? Anza na mbaazi

Dada, umesema umekuja huku kikazi kutoka Kigali na kila siku ni chipsi kuku za jirani na ofisi. Pole! Asubuhi tafuta mahamri na mbaazi za nazi. Pasua hamri, lichovye kwenye rojo zito, na uwahi, maana wapishi wazuri humaliza mapema. Biriani ngoja Ijumaa.

Jioni shuka Mama Ngina, kule ufukweni, ule mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Dafu usiliache ukishakunywa maji: mwambie muuzaji alipasue, atakukatia kijiko kwenye ganda lake hilohilo uchote nyama. Mimi naiona tamu kuliko maji yenyewe.

Kahawa tungu iko Mji wa Kale, dele, yaani birika la kahawa, juu ya makaa, kikombe kidogo, na halua pembeni. Vijiweni wengi ni wanaume. Usione haya, agiza tu.

Ukitaka kupika, viungo nunua Marikiti, soko la mjini, na unuse kabla ya kulipa. Ramadhani mikahawa mingi hufunga mchana, ila kuanzia alasiri utakutana na kaimati, bajia na sambusa kila kona.